Ningu hawapandi tena mtoni: kutafuta chanzo, dalili kwa dalili

Mwongozo huu ni wa viongozi wa BMU (vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe), maofisa uvuvi wa kata, jumuiya za watumia maji na yeyote anayeishi kando ya mto unaoingia Ziwa Victoria: Kagera, Mara, Grumeti, Mbalageti na Simiyu, au Nzoia, Yala, Nyando, Sondu-Miriu na Kuja kwa upande wa Kenya. Samaki tunayemfuatilia ni ningu, Labeo victorianus, samaki wa asili wa bonde hili ambaye yumo katika Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, miongoni mwa walio hatarini kutoweka. Vipimo vingi vilivyomo vinawafaa pia samaki wengine wanaopanda mito wakati wa mvua, kama nembe, gogogo na yule ambaye Wajaluo humwita fwani.

Kosa linaloharibu kazi mapema ni kumtaja mkosaji kabla ya kusoma dalili. Mvuvi humtaja mkulima, mkulima humtaja mchimbaji dhahabu, ofisa humtaja mvuvi, na wote wakiishiwa humtaja sangara. Tuanze na huyo sangara ili tumwondoe njiani. Aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akaja kulitawala ziwa miaka ya 1980. Uvuvi wa ningu ulikuwa umekwisha kuporomoka kabla ya hapo. Kufikia 1965 watafiti wa mto Nzoia walikuwa wanaandika juu ya anguko hilo kama jambo lililotokea tayari. Sangara anawala waliobaki, hilo halina ubishi, lakini hawezi kueleza kwa nini mto wako ulikauka samaki kabla yeye hajawa mwingi. Chanzo kitafute mtoni kwanza.

Safari ya ningu na milango yake

Ningu mkubwa huishi ziwani karibu na ufukwe na katika vina vya mto. Mdomo wake uko chini ya kichwa, una midomo minene, na kazi yake ni kukwangua utelezi wa mwani juu ya mawe na magogo. Mvua zikianza, masika na tena vuli, mto ukapanda na maji yakabadilika rangi, wazazi hukusanyika kwenye mlango wa mto na kupanda, mara nyingi usiku. Hawatagi kwenye mkondo mkubwa. Huingia kwenye vijito vya msimu na kwenye nyasi zilizofunikwa na mafuriko, hutaga kwenye maji ya kina kifupi, kisha hurudi maji yanapoanza kushuka. Mayai huanguliwa kwa siku moja au mbili. Vifaranga hubaki kwenye maji yale ya vuguvugu yenye chakula tele, na mafuriko yakijiondoa nao hushuka mtoni hadi ziwani.

Kwa hiyo kuna milango minne: wa kuingia mtoni, wa kupanda, wa nyasini, na wa kushuka. Ukifungwa mmoja, mingine mitatu hata ikiwa wazi kabisa haisaidii kitu. Kazi ya uchunguzi ni kujua ni upi uliofungwa.

Vifaa vinavyotosha kuanzia: daftari, tepu ya mita 50, rula ya sentimita 50, saa yenye sekunde, chungwa, chupa 3 za plastiki angavu za lita 1.5, kipimajoto, na mti ulionyooka wa mita 2 uliowekwa alama kila sentimita 5. Kipimo cha oksijeni ukikipata ni bora, azima kwa ofisi ya bonde la maji au kituo cha utafiti. Nyavu za majaribio zinahitaji kibali cha ofisa uvuvi hata kama utarudisha kila samaki majini. Sababu ni rahisi: ningu hunaswa vizuri na wavu wenye matundu ya inchi 2 hadi 3, na kanuni za ziwa zimekuwa zikidai inchi 5 au zaidi. Usije ukakamatwa na kikosi cha doria ukiwa kwenye uchunguzi.

Dalili: mvua imenyesha, mto umejaa, ningu hawaonekani

Hii ndiyo dalili inayoripotiwa zaidi, na ina vyanzo vitatu vinavyofanana kwa nje. Utavitenganisha kwa kuhesabu mahali patatu kwa wakati mmoja: mlangoni mwa mto, kilomita 5 juu yake, na mara juu ya kizuizi cha kwanza (banio la kukingia maji ya umwagiliaji, daraja au kalavati). Hesabu kila asubuhi kwa wiki 4 tangu maji yalipoanza kupanda. Andika idadi ya nyavu au migono (mitego ya kusuka), kilo za ningu, na wangapi kati yao walikuwa tayari kutaga. Kujua walio tayari ni rahisi: shika samaki tumbo juu, pitisha kidole gumba polepole kutoka kifuani kuelekea mkiani bila kukandamiza. Mayai au shahawa yakitoka yenyewe, huyo alikuwa amebakiza siku chache tu.

Kama ningu wapo kwa wingi mlangoni na wengi wana mayai, lakini kilomita 5 juu hakuna kitu, mlango wa kwanza ndio uliofungwa, na uliofunga ni wavu. Fanya hesabu hii mbele ya wavuvi wenyewe, huwa inaeleweka haraka kuliko hotuba. Pisi moja ya wavu yenye mita 90 ikinyooshwa, ikishafungwa kamba kwa nusu ya urefu wake hubaki kama mita 45. Mlango wa mto wenye upana wa mita 40 unazibwa ukingo hadi ukingo na pisi moja tu. Nyavu za makila, zinazonasa samaki kwa mashavu, zilianza kutumika ziwani mwaka 1905, zikaja za nailoni, na sasa kuna timba, wavu wa uzi mmoja angavu, ambayo samaki haioni hata mchana. Uzio wa matete wenye migono, ule ambao wazee waliutega mtoni, nao ulikamata wazazi. Tofauti ni kwamba mafuriko makubwa yaliusomba na samaki wakapata njia. Nailoni haisombwi kirahisi, na ikisombwa inaendelea kunasa huko iliko.

Tiba: sheria ndogo ya BMU ipitishwe na halmashauri, ikitaja eneo kwa alama zinazoonekana (mti fulani, jiwe fulani, nguzo iliyopakwa rangi), si kwa maneno kama "karibu na mlango". Tunapendekeza kilomita 1 kila upande wa mlango na kilomita 2 kuingia mtoni, kufungwa kwa wiki 6 hadi 8 tangu siku maji yalipopanda. Usifunge kwa tarehe ya kalenda. Mvua za siku hizi hazifuati kalenda, na kufunga tarehe 1 Machi wakati mto umepanda tarehe 10 Aprili ni kuwatesa watu kwa karibu wiki 6 za bure halafu kufungua mlango siku samaki wanapofika. Mti wako wa alama utumike: maji yakipanda sentimita 30 juu ya kina cha kiangazi na kubaki hapo siku 2, bendera inapandishwa. Na nje ya msimu huo, mtego wowote uache wazi angalau theluthi moja ya upana wa mto, tena theluthi yenye kina kirefu. Wapo wanaoacha upande wa mchanga na kudai wametii.

Kama ningu wamepita kilomita 5 lakini wanarundikana chini ya kizuizi, nenda usiku na tochi. Utawaona wakijigonga kwenye maporomoko ya maji chini ya kalavati. Pima vitu viwili. Kwanza, urefu wa kuanguka kwa maji kutoka mdomo wa kalavati hadi uso wa maji ya chini. Hata sentimita 20 ni tatizo kwa samaki asiye mrukaji. Pili, kasi: pima mita 10 ndani au kando ya kalavati, dondosha chungwa, hesabu sekunde. Likifika chini ya sekunde 10, kasi imezidi mita 1 kwa sekunde na samaki wadogo watachoka kabla ya kufika juu. Rudia mara 5, chukua wastani.

Kalavati huning'inia kwa sababu liliwekwa usawa wa kitanda cha mto siku ya ujenzi, halafu maji yanayotoka kwa kasi yakachimba shimo chini yake. Likijengwa upya, sakafu yake izamishwe angalau robo ya kipenyo chini ya kitanda cha mto ili mchanga na changarawe vikae ndani. Kama bajeti ya kulijenga upya haipo, jenga ngazi ya mawe upande wa chini: mteremko usiozidi 1 kwa 20, maana yake anguko la sentimita 60 linahitaji mita 12 za mawe. Tumia mawe ya sentimita 30 hadi 50, theluthi ya kila jiwe izikwe, na katikati uache mkondo wa kina ili maji ya kiangazi yasipotee kati ya mawe. Njia hiyo hiyo inafanya kazi kwenye banio dogo la skimu. Mawe madogo ya kifusi yasitumike. Mvua ya kwanza itayabeba na kuyapeleka shambani kwa mtu.

Maporomoko ya asili ni habari nyingine. Rusumo kwenye Kagera ilikuwa kizuizi kabla ya mtu yeyote kuzalisha umeme hapo. Usipoteze fedha kupandisha samaki mahali ambapo hawakuwahi kupanda.

Chanzo cha tatu: ningu hawapo hata mlangoni. Hapo ama wazazi wamekwisha, ama mto haukutoa ishara. Ningu hufuata maji yanayopanda na kubaki juu. Mto ambao vyanzo vyake vimefyekwa, kama ilivyotokea sehemu za Mau juu ya Mara na Sondu, hupanda kwa saa chache na kushuka kesho yake. Soma mti wako wa alama saa 12 asubuhi na saa 12 jioni kwa msimu mzima. Mto wenye afya huchora kilima. Mto mgonjwa huchora meno ya msumeno.

Dalili: wazazi wamepanda, vifaranga hawashuki

Huu ni ugonjwa wa milango miwili ya mwisho, na kwa uzoefu wa bonde hili ndio unaokosewa zaidi kwa sababu wavuvi hawavihesabu vifaranga. Mwaka huu samaki wapo, mwakani wapo, mwaka wa tatu au wa nne hakuna, na kila mtu anatafuta sababu katika mwaka huo wa nne.

Kipimo: wiki 3 baada ya maji kuanza kushuka, tumia wavu mdogo wa kukokota wenye mita 3 kwa 1, matundu ya milimita 3 hadi 5. Kokota mara 5 katika kila sehemu kati ya 3: kwenye madimbwi ya nyasini, pale kijito kinapoingia mtoni, na mtoni kilomita 1 chini. Weka vifaranga kwenye ndoo yenye maji ya hapo hapo, kivulini, hesabu na urudishe ndani ya dakika 10. Ningu mdogo utamjua kwa mdomo ulio chini ya kichwa. Dagaa wengi wa mtoni mdomo wao uko mbele.

Vikiwa hakuna hata nyasini, mazalia yenyewe yameondoka. Tembea kingo zote mbili na uhesabu mita ngapi kati ya kila 100 bado zina nyasi, matete au mafunjo yanayofunikwa na maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, lakini anayejua kona hizi anajua mahindi yamefika hadi maji yanapogusa mizizi. Ukitaka kuanza kurejesha, usianze na kupanda miti. Ningu hahitaji mkaratusi. Anahitaji bonde linalofurika. Ziba mifereji ya kukaushia bonde, ondoa matuta yaliyojengwa kuzuia mafuriko mahali ambapo hakuna nyumba, zuia ng'ombe kwa miezi 2 ya mvua, na nyasi zitarudi zenyewe. Hekta 1 ya nyasi zinazofurika kweli ina faida kuliko kilomita ya miche iliyopandwa kwa ajili ya picha.

Vikiwa vimejaa kwenye madimbwi ya nyasini lakini mtoni hakuna, vimekwama. Rudi kwenye mti wa alama. Kushuka kwa maji kila usiku na kupanda tena mchana, au kinyume chake, kunafuata ratiba ya mtu, si ya mawingu: kuna mashine ya kuvuta maji au lango la banio. Dai kibali cha kutumia maji cha kila mhusika kutoka ofisi ya bonde. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inavitambua, na inatambua pia maji yanayopaswa kubaki mtoni. Kisha pima mwenyewe: upana wa mfereji kwa kina cha wastani kwa kasi ya chungwa, zidisha kwa 0.85 kwa kuwa maji ya juu huenda haraka kuliko ya chini. Mfereji wa upana wa mita 1.2, kina cha sentimita 40 na kasi ya mita 0.5 kwa sekunde unabeba kama lita 200 kwa sekunde. Linganisha na kibali. Hapo mazungumzo huwa na adabu zaidi.

Vikipatikana ndani ya mifereji ya mpunga, jibu ni chujio. Wengi hufunga wavu wa chuma kwenye mdomo wa bomba. Siku ya pili umeziba, mwenye shamba anautoa, na kazi imeishia hapo. Chujio hushindwa kwa sababu ni dogo. Kasi ya maji mbele yake isizidi mita 0.1 kwa sekunde, ili kifaranga aweze kuogelea na kujitoa. Kwa mfereji wa lita 30 kwa sekunde hiyo ni mita za mraba 0.3 za matundu yaliyo wazi. Kwa kuwa nusu huziba kwa majani, jenga 0.6. Matundu yawe milimita 3, liegemezwe pembe ya nyuzi 45, na lisafishwe asubuhi na jioni wakati wa mafuriko. Liwekwe mdomoni mwa mfereji, sambamba na mkondo wa mto, si mita 50 ndani ambako samaki hana pa kurudi.

Na kuna chandarua. Watoto wakiwa na chandarua kwenye madimbwi yanayokauka, vifaranga vya msimu mzima vinakwenda kwenye sufuria moja. Ni chakula cha kweli kwa familia hiyo, kwa hiyo katazo tupu halifiki mbali. Kinachofanya kazi ni kuchimba mfereji mdogo, upana wa jembe moja na kina cha sentimita 30, kuunganisha dimbwi na mto kabla halijakatika. Vijana wawili humaliza mita 20 kwa asubuhi moja. Dimbwi ambalo limekwisha kukatika kabisa litakauka hata hivyo. Hilo waacheni watoto wavue.

Dalili: wapo, lakini wadogo na wembamba

Pima urefu wa samaki 50 kila mwezi kutoka mwalo mmoja, yaani mahali wavuvi wanaposhusha samaki. Ningu anaweza kufikia karibu sentimita 40. Ukiona karibu wote wako chini ya 20, na hata hao wadogo wana mayai, uvuvi umekula wakubwa na kubakiza wanaowahi kukomaa. Ukiona wana urefu wa kawaida lakini mgongo umekonda na kichwa kinaonekana kikubwa kuliko mwili, tatizo ni chakula.

Chakula cha ningu kiko juu ya mawe, kwa hiyo shika mawe. Ingia pale maji yanapokimbia juu ya changarawe, okota mawe 10 yenye ukubwa wa ngumi, kwangua kila moja kwa ukucha. Utelezi wa kijani au kahawia unaonata ukuchani ni chakula. Vumbi la tope linalotawanyika kama moshi mara tu ukiligusa ni udongo wa shamba, na chini yake mwani umekosa mwanga. Mawe 7 kati ya 10 yakitoa moshi, umepata jibu. Kisha chupa zile 3: jaza moja juu ya kijito unachokishuku, moja ndani yake, moja chini. Ziache zimesimama usiku mzima na upime kwa rula unene wa tope lililotulia. Haihitaji maabara, na mwenyekiti wa kijiji anaiona kwa macho yake.

Chanzo huwa ni mojawapo ya haya: kulima kwa kushuka mteremko, njia za ng'ombe zinazoingia mtoni, uchimbaji wa mchanga, au kuoshea udongo wa dhahabu. Neno mwalo lina utani wake hapa, kwa kuwa wavuvi wana mialo yao na wachimbaji wana mialo yao ya kuchenjulia. Tope la mwalo mmoja huua mwalo mwingine. Mwalo wa dhahabu unaotiririsha maji moja kwa moja mtoni unahitaji mashimo 2 ya kutulizia tope yanayofuatana, na maji ya shimo la pili yazungushwe kutumika tena. Kama zebaki inatumika, shimo la tope halitoshi kabisa. Peleka suala hilo kwa mamlaka ya mazingira, NEMC au kwa Kenya NEMA, na vipimo vya samaki vifanyike kabla mtu hajatangaza kwamba wanafaa au hawafai kuliwa.

Dalili: asubuhi moja samaki wanaelea

Una saa chache. Kabla ya kupiga simu, angalia nani kafa na nani kabaki hai.

Kambale na kamongo hupumua hewa. Kama samaki wengine wamekufa na hao wako hai, oksijeni ya maji iliisha. Kama nao wamekufa, fikiria sumu. Upungufu wa oksijeni huua wakubwa kwanza, hutokea alfajiri, na kabla ya kufa samaki huonekana wakihema juu ya maji. Sumu huua wadogo kwanza, wakati wowote, samaki huzunguka na kuruka ovyo, na ukigeuza mawe unakuta kaa na wadudu wa majini wamekufa pia. Mashavu ya ndani yakiwa ya rangi ya kahawia kama kahawa, kuna uwezekano wa naitraiti kutoka kinyesi au mbolea. Kama una kipimo, chini ya miligramu 2 za oksijeni kwa lita ni kifo kwa wengi wao; 5 na kuendelea ni salama.

Usisahau kwamba oksijeni inaweza kuisha bila mhalifu. Utafiti wa Mara upande wa Kenya ulionyesha kuwa vina vilivyojaa viboko hupoteza oksijeni kiangazi kwa sababu ya kinyesi, na mafuriko ya kwanza yakivifagia, maji yale huua samaki chini huko. Machi 2022 maji ya Mara upande wa Tanzania yaligeuka meusi na samaki wakafa. Kamati ya serikali ikataja kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, na maelezo hayo yakabishaniwa sana hadharani. Ubishi wa namna hiyo hupungua pale tu panapokuwa na sampuli za saa za kwanza, kutoka juu na chini ya tukio.

Kwa hiyo chukua sampuli hivi. Maji ya kupima viuatilifu: chupa ya kioo ya lita 1, ya rangi nyeusi ikiwezekana, ijazwe hadi mdomoni. Maji ya kupima madini: chupa safi ya plastiki. Seti moja mita 500 juu ya mahali samaki wa kwanza waliokufa wameonekana, moja hapo hapo, moja kilomita 1 chini. Samaki 5 wanaokufa sasa hivi, si waliovimba, wafungwe kila mmoja kwenye foili na kuwekwa kwenye barafu. Andika saa, mahali na majina ya mashahidi wawili, na vifike maabara ndani ya saa 24. Mwite ofisa uvuvi na ofisi ya bonde kwa wakati mmoja. Kila mmoja akisubiri mwenzake, mto umeshajisafisha. Samaki hao wasiliwe wala kukaushwa.

Kati ya sumu za kuvulia, utupa, mmea wenye sumu, ni wa zamani na hupungua makali kwa siku chache. Viuatilifu vya dukani ni balaa zaidi kwa kuwa huua pia wadudu wanaoliwa na vifaranga, hivyo mto unabaki mtupu muda mrefu baada ya maji kuwa safi. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha kununua samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu za kuvulia. Wanaokumbuka bei ya mwaka ule hawahitaji kuelezwa.

Dalili: samaki wengi, ila si wale

Mara nyingi hii inahusu jamaa ya sato kuliko ningu, lakini hujitokeza kwenye mito hiyo hiyo. Ngege na mbiru, wenyeji wa asili, wamechanganyika na kusukumwa pembeni na sato aliyeletwa miaka ya 1950, na mabwawa ya kufugia yaliyo kando ya mto huendelea kumwaga wengine kila mafuriko. Tazama mkia: sato ana mistari ya wima iliyonyooka kwenye pezi lote la mkia, ngege hana. Mistari iliyokatika-katika au iliyofifia nusu mkia inaashiria chotara. Bwawa jipya lijengwe juu ya alama ya mafuriko makubwa, na bomba la kutolea maji liwe na chujio la milimita 2.

Kabla ya kupandikiza vifaranga

Kila kikao huishia kwenye pendekezo hili, na linawezekana: ningu amekwisha kutagishwa kwa homoni huko Uganda tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Tatizo ni mpangilio. Vifaranga 10,000 vikimwagwa kwenye mto ambao mlango wake umezibwa kwa timba vitakuwa mayai ya kukaanga baada ya miaka michache. Rekebisha mlango uliofungwa kwanza, pima misimu 2, ndipo uamue. Wazazi watoke mto huo huo, si mto wa jirani, kwa kuwa samaki wa kila mto wanaweza kuwa na tofauti zao za kurithi, na watumike wengi: jike 25 na dume 25 ni bora kuliko jike mmoja mkubwa mwenye mayai ya kujaza ndoo.

Matokeo ya ukarabati hayatafutwi kwenye kilo za mwaloni mwaka wa kwanza. Yatafutwe kwenye wavu ule wa mita 3, mahali pale pale patatu, wiki ya 3 baada ya maji kushuka, kwa mikokoto 5 ile ile kila mahali. Ukianza na vifaranga 0 kwa mikokoto 15 na msimu unaofuata ukapata 4, andika 4, weka tarehe, na usiongeze mkokoto wa 16 ili upate namba nzuri ya kupeleka wilayani.